Mpishi kwenye Karatasi, Mkulima Kogelo

Serikali ya kikoloni ilikuwa na kitabu kidogo kilichomweleza Hussein Onyango Obama. Kilikuwa cha kutia mfukoni, kilichotolewa chini ya sheria ya mwaka 1928 ya kusajili watumishi wa nyumbani. Kila mpishi, kila yaya na kila mfua nguo wa Mzungu alitakiwa awe nacho. Humo Onyango ameelezwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani: miaka 35, futi sita, rangi nyeusi, pua bapa, mdomo mkubwa, nywele za kusokotana. Na kwenye sehemu ya meno, karani ameandika kwamba sita hayapo.

Ukisoma haraka utadhani huyu jamaa alipigwa, au alikuwa na meno mabovu. La. Kwa Wajaluo wa kizazi chake, kung'olewa meno sita ya chini kulikuwa ndiyo njia ya kijana kuingia utu uzima. Bila hilo, wewe bado mtoto. Kwa hiyo kitu kilichomfanya awe mtu kamili kwao, karani amekiandika kama upungufu. Nimekifikiria hicho kipengele kwa muda mrefu, kwa sababu kinaonyesha karatasi za zamani zinavyoweza kusema ukweli na bado zikakosa kumwona mtu.

Onyango unamjua, hata kama unadhani humjui. Ni babu yake Barack Obama, yule wa Marekani. Tukimtaja, tunamtaja hivyo tu: babu ya rais. Na kitabu cha wakoloni kinamtaja kama mpishi. Mimi ninataka tumwangalie kama vile watu wa nyumbani kwake walivyomjua kwa miaka mingi ya maisha yake, yaani mkulima. Mtu wa jembe, miche na mbuzi. Ninataka hivyo kwa sababu wengi wetu tunaoishi Kisumu, Nakuru au Nairobi kwenye nyumba za kupanga tuna mzee wa aina hiyo huko nyuma. Aliacha shamba, akaacha kaburi, akaacha stori tatu nne ambazo kila Krismasi zinarudiwa vilevile. Tofauti ni kwamba huyu wa Kogelo stori zake ziliandikwa.

Na ziliandikwaje? Hapo ndipo pa kuanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mjukuu alikuja kutoka Marekani, akaketi na Mama Sarah, mke wa tatu wa Onyango. Mama Sarah alisimulia kwa Dholuo. Auma, dada yake mjukuu, akatafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1995 mjukuu akatoa kitabu, Dreams from My Father. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayojua kuhusu mzee huyu mkali imetoka kinywani mwa mwanamke ambaye hakuwa amesoma shule, ikapita kwa mwanamke mwingine, ndipo ikafika kwenye karatasi. Kumbuka hilo tunapoendelea.

Miaka inayotajwa ya maisha yake ni 1895 hadi 1979. Jina Onyango hupewa mtoto aliyezaliwa jua likiwa limeshapanda, asubuhi ya katikati. Nyumbani kwao kulikuwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, upande wa kusini wa ghuba ya Winam. Alipozaliwa hakukuwa na nchi inayoitwa Kenya. Nyanza yote ilihesabiwa kama sehemu ya Uganda, na haikuhamishiwa upande wa Afrika Mashariki ya Kiingereza hadi Aprili 1902. Mtoto huyo alibadilishwa nchi bila kuhama hatua moja.

Kilicholeta yote hayo ni reli. Wapimaji wa mwanzo walikusudia reli ya kutoka Mombasa iishie Port Victoria, kule Bunyala, kaskazini zaidi mwa ufuo. Kisha mpango ukabadilika, ikaelekezwa Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901. Mahali hapo pakaitwa Port Florence kwa muda, kwa jina la mke wa injinia Preston. Ndiyo maana leo Kisumu ni jiji na Port Victoria ni mji mdogo wa samaki na mabwawa ya kuzuia mafuriko. Uamuzi wa watu wachache wenye ramani ulitosha. Na kwa kijana wa Kendu Bay, ulimaanisha kwamba Wazungu hawakuwa mbali tena. Walikuwa ng'ambo ya maji, safari ya mtumbwi, na meli ya mvuke William Mackinnon ilikuwa imeshashushwa ziwani tangu 1900.

Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista wakafika Gendia, hapo hapo karibu na Kendu. Kwa hiyo Onyango alikua akiona mambo mapya kutoka pande zote. Masimulizi ya nyumbani yanasema alikuwa kijana asiyetulia, wanaosema "mtoto ana mchwa matakoni". Aliondoka kwao bila kuaga akaenda Kisumu kuwaangalia hawa watu wapya, akakaa miezi mingi. Aliporudi alikuwa amevaa suruali ndefu, shati, na viatu. Baba yake alishtuka. Watu wakanong'ona kwamba kijana lazima ana kidonda anakificha, au ametahiriwa, jambo ambalo Wajaluo hawakulifanya. Baba yake aliwaambia ndugu zake wakae mbali naye. Onyango akarudi zake mjini.

Stori hiyo ya suruali hupenda kuchekesha watu. Lakini iangalie vizuri. Hapo kuna kijana ambaye kwao hawamwelewi tena, na kule alikoenda hawatamkubali kamwe. Akajifunza kusoma na kuandika. Akajifunza mahesabu ya Mzungu na karatasi zake. Na bado, kila alichokipata kwa Mzungu, alikipeleka nyumbani kikawa udongo.

Watu wa kizazi chake hawakwenda mjini kwa kupenda raha. Kodi ya kibanda ililipwa kwa pesa, na pesa hazioti shambani mwa mtama. Wimbi lingelisha watoto, lingepika pombe ya wageni, lakini mtoza kodi alitaka rupia, baadaye shilingi. Ukitaka shilingi utauza ng'ombe au utauza mikono yako. Kisha baada ya vita vya kwanza kikaja kipande: kila mwanaume Mwafrika anayetoka kwao avae karatasi yake shingoni ndani ya kikopo cha chuma, yenye alama za vidole na jina la mwajiri. Ukiacha kazi bila kusainiwa, wewe ni mtoro.

Mwaka 1921 vijana waliosoma Maseno waliitisha mkutano mkubwa Lundha, kule Gem, wakapinga kodi, kipande na kazi za lazima. Vuguvugu lao watu waliliita Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Kwa hiyo tusidhani mababu walinyamaza. Wengine walisema mkutanoni. Wengine, kama Onyango, walijibu kwa njia nyingine: walichukua mshahara wa mkoloni wakaugeuza kuwa mifugo na shamba.

Vita vya kwanza vilipoanza 1914, Waingereza walihitaji watu wa kubeba mizigo na kutengeneza barabara dhidi ya Wajerumani upande wa Tanganyika. Wabebaji hao walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Ukishuka matatu Kariokor pale Nairobi kununua kiondo au kula nyama, jina unalolitaja ni lao: Carrier Corps. Onyango alikuwa kwenye vikosi vya barabara. Alifika Tanganyika, na mwishowe akakaa Zanzibar. Huko akasilimu, akachukua jina Hussein. Kwa mtu wa Kendu Bay hilo halikuwa jambo la ajabu kama linavyosikika. Mji ule mdogo una Waislamu wa siku nyingi, ingawa Waadventista ndio waliotawala vilima vyake.

Baada ya hapo ndipo kitabu cha mfukoni kinapomkuta, Nairobi, jikoni kwa Wazungu. Kurasa za nyuma zina maoni ya waajiri. Mmoja anamsifu kwa bidii, mwingine anasifu mapishi yake. Mwingine wa idara ya upimaji anasema hafai, na kwamba hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Ninapenda kwamba tunajua hiyo namba. Shilingi 60 zilikuwa mshahara wa juu kwa Mwafrika wa kazi za mikono wakati huo. Lakini Nairobi ya miaka hiyo haikumtaka Mwafrika akae. Ilimtaka afanye kazi, alale kwenye kijumba cha nyuma, halafu arudi "kwao". Hakuwa na njia ya kununua kiwanja kwenye vilima vile alikokuwa akipika. Kwa hiyo pesa zilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Zilikwenda Kendu. Zikawa boma, mifugo na mahari. Kwa masimulizi ya Mama Sarah, Onyango alikuwa na kawaida zake ambazo majirani walizisema sana. Nyumba yake ilikuwa safi kupindukia. Mgeni alitakiwa aoshe miguu kabla ya kuingia. Alikula mezani, kwa uma na kisu. Mwanamke akivunja sahani, balaa. Kabla ya kupata mke aliyekaa, wanawake kadhaa walikuja na kukimbia, kwa sababu ya kipigo. Hili silipaki rangi. Mzee alikuwa mkali hadi ukatili, na waliosema hivyo ni watu wake mwenyewe.

Wakeze waliotajwa ni watatu. Helima, ambaye hakupata mtoto. Akumu, aliyeitwa Habiba baada ya ndoa, mama wa Sarah binti, wa Barack, na wa Auma wa kwanza. Na Sarah Ogwel, aliyezaliwa 1922, aliyeolewa akiwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mume wake akiwa na zaidi ya arobaini.

Vita vya pili vikaja. Waafrika kutoka Kenya walikwenda kwa makumi ya maelfu, na vikosi vya King's African Rifles vilipigana Burma mwaka 1944. Onyango, mtu mzima karibu na miaka hamsini, alikwenda na ofisa Mwingereza kama mpishi. Alizunguka dunia upande wa mashariki akipika. Aliporudi alikuwa na gramafoni. Na alikuwa amechoka kupika.

Karibu na mwaka 1945, Onyango aliamua kuhama kabisa Kendu. Sababu inayosimuliwa ni neno moja: jadak. Jadak ni mtu anayekaa kwenye ardhi ya wengine kwa hisani yao, mpangaji wa ukoo. Babu wa babu zake walikuwa wametoka Alego, kaskazini mwa ghuba, wakahamia Kendu. Vizazi vilikuwa vimepita. Lakini siku ya ugomvi, mkubwa mmoja wa pale akamkumbusha Onyango kwamba yeye ni jadak, hana la kusema.

Ninajua watu wa kizazi changu watauliza: sasa huyo mzee alihama nyumba nzima kwa sababu ya tusi? Lakini hilo halikuwa tusi tu. Kwa Mjaluo wa wakati ule, jadak angeweza kulima miaka hamsini na bado asiwe na uhakika wa mahali ambapo mwanawe atajenga. Onyango alikuwa ameona Wazungu wakiwa na karatasi zinazosema hapa ni pangu. Alikuwa na pesa. Alikuwa na watoto. Alitaka ardhi ambayo hakuna atakayemwambia alikuja lini.

Basi akavuka kwenda Alego, Kogelo, ardhi ya mababu. Wajaluo wana utaratibu wa kufungua boma jipya, goyo dala. Mwanaume huenda na mwanawe wa kwanza na mkewe, na vitu vinavyobebwa vinajulikana: jogoo, shoka, moto. Nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyo hiyo, ili usiku usiwakute bila paa. Kogelo ilikuwa msitu. Kendu walikuwa wameacha boma lililokamilika, lenye majirani, lenye ziwa karibu. Hapa palikuwa na vichaka, nyoka, na kimya.

Na hapa ndipo mpishi alipogeuka kuwa kile ambacho hakuna mwajiri aliyekiandika. Alisafisha, akalima. Majirani walipanda mtama, wimbi, muhogo na mahindi kama kawaida. Yeye aliongeza miti ya matunda. Miembe, michungwa, mipapai, migomba. Alipima mistari. Alitumia mambo aliyoyaona kwa Wazungu aliowafanyia kazi. Alikuwa pia amejifunza dawa za mitishamba kwa wazee, akajua mmea upi unatibu na upi unaua. Yaani huyu mtu alichanganya vyote, mbolea ya Mzungu na mizizi ya Mjaluo, bila kuona shida. Baada ya miaka michache Kogelo ilikuwa inatoa chakula cha kutosha na cha kuuza.

Fikiria kidogo uamuzi wa kupanda mwembe ukiwa na miaka hamsini. Mahindi utayavuna mwaka huu. Mwembe wa mbegu unaweza kuchukua miaka mitano, sita, kabla ya kukupa chochote cha maana, na utaendelea kuzaa wewe ukiwa ardhini. Mtu aliyeitwa jadak akapanda vitu vinavyokawia. Kwangu mimi hilo lina nguvu kuliko hotuba, kwa sababu mti mkubwa ni ushahidi kwamba kuna mtu aliamini hatafukuzwa.

Lakini nani alilima? Hapa stori za "babu yetu alianzisha shamba" huwa zinapita haraka, na ni lazima tusimame. Katika boma la Kijaluo kila mke alikuwa na sehemu zake za kulima na ghala lake, dero. Chakula kilichomlisha mtoto kilitoka kwenye dero la mama yake. Mume aligawa ardhi, akaamua, akachunga heshima ya boma na mifugo. Kupalilia, kuchota maji, kutafuta kuni, kuchuma osuga na apoth kwa mboga, hiyo ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Kwa hiyo msitu wa Kogelo ulipogeuka kuwa shamba, uligeuzwa kwa mikono ya Akumu na Sarah pamoja na ya Onyango. Miaka ambayo alikuwa Nairobi au Burma, aliyelinda kila kitu alikuwa ni mwanamke.

Akumu hakuutaka uhamisho. Watu wake walikuwa Kendu. Kogelo kulikuwa mbali na mama yake, na mumewe alikuwa yule yule. Siku moja akaondoka, akarudi kwao, akawaacha watoto. Kwa desturi, mahari ikishatolewa watoto ni wa ukoo wa baba. Mwanamke akikimbia, anakimbia peke yake. Mama Sarah, ambaye mwenyewe alikuwa bado kijana, akabaki kuwalea.

Watoto wakubwa wawili, Sarah binti na Barack, hawakukubali. Walitoroka usiku kwenda kumtafuta mama yao Kendu. Walitembea karibu wiki mbili, wakilala porini, wakiomba chakula njiani, wakizunguka ghuba nzima kwa miguu. Wakafika wakiwa wamekonda. Onyango akaja akawachukua, wakarudi Kogelo. Huyo mvulana ndiye aliyekuja kuwa mchumi, baba wa rais, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiondoka mahali. Sitaki kuchora mstari ulionyooka kutoka kwenye safari ile hadi kila kosa lake la baadaye. Lakini ukisoma wasifu wa mtu huyo ukaruka hizo wiki mbili, umeruka kitu.

Naona ni hapa ambapo historia za familia zetu hukwama. Tuna kawaida ya kuchagua: ama babu alikuwa shujaa aliyepanda miembe, ama alikuwa mnyanyasaji aliyempiga mkewe hadi akakimbia. Onyango alikuwa vyote viwili, kwenye shamba lile lile, mwaka ule ule. Miembe yake ilitoa kivuli. Akumu hakuwepo kukaa chini yake. Na Akumu, tofauti na Mama Sarah, hakuachiwa nafasi kubwa ya kusimulia upande wake kwa maneno yake. Tunamjua kupitia mke mwenza wake. Mama Sarah alimsimulia kwa huruma, lakini bado.

Kuna sehemu nyingine ambayo masimulizi yanagongana, nayo ni kifungo. Katika kitabu cha 1995 inasemekana Onyango aliwekwa kizuizini na Waingereza kwa zaidi ya miezi sita, akarudi mchafu, mdhaifu, mzee ghafla. Mwaka 2008 Mama Sarah alisimulia kwa gazeti la Uingereza kwamba ilikuwa miaka miwili, kuanzia 1949, na kwamba aliteswa. Kisha mwaka 2012 mwandishi David Maraniss alichapisha wasifu wa Obama akasema hakupata rekodi, na baadhi ya watu aliowahoji hawakukubali kwamba ilitokea hivyo.

Unaweza kusema: rekodi hazipo, kwa hiyo haikutokea. Lakini kumbuka kwamba serikali ya kikoloni ilichoma na kuficha mafaili mengi ilipokuwa inaondoka Kenya. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki Uingereza, ndipo serikali ya London ilipokiri kuwa na maelfu ya mafaili yaliyofichwa Hanslope Park. Unaweza pia kusema: Mama Sarah amesema, basi imekwisha. Lakini simulizi inayorudiwa mbele ya kamera za dunia nzima hukua, kama vile stori ya samaki kule Dunga hukua kila inaposimuliwa. Ninaposoma matoleo hayo matatu, nachukua kile kisichobadilika: mzee alirudi mahali fulani akiwa amevunjika, na watu wa nyumbani waliona tofauti. Baada ya hapo alikuwa mtu wa shamba tu. Hakuenda tena kumpikia mtu.

Shamba hilo ndilo lililosomesha. Barack alichunga mbuzi wa baba yake, akasoma Ng'iya, akaingia Maseno, shule ya wamisionari iliyoanzishwa 1906. Hakumaliza Maseno. Onyango alikasirika, akampeleka Mombasa akafanye kazi ya ukarani, ajue uchungu wa pesa. Mwaka 1959 kijana akapanda ndege kwenda chuo kikuu cha Hawaii. Kutoka babu wa suruali ya kwanza hadi mwana wa chuo kikuu ng'ambo, ni kizazi kimoja. Ukiuliza gharama yake ililipwa wapi, sehemu moja jibu ni jiko la Nairobi, sehemu nyingine ni jembe la Mama Sarah.

Sasa nije kwenye ardhi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linanihusu mimi na wewe. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilileta mpango wa Swynnerton. Ardhi ya Waafrika ipimwe, iunganishwe, ipewe hati, ya mtu mmoja mmoja. Kazi hiyo iliendelea baada ya uhuru, na sheria ya 1968 ikaiendeleza mpaka huku kwetu Nyanza. Kwa mtu kama Onyango, aliyechomwa na neno jadak, hati ilikuwa jibu. Lakini hati iliandikwa jina moja, na mara nyingi sana jina hilo lilikuwa la mwanaume. Zile sehemu za wake, zile dero, ile haki ya mwanamke kulima mahali alipoolewa, havikuwa na kisanduku kwenye fomu. Kama vile meno sita: kitu kilichokuwa na maana kamili kwenye boma, kwenye karatasi hakipo.

Sheria ya urithi ilipitishwa 1972, ikaanza kutumika 1981, nayo inamtambua mjane na inawapa mabinti haki. Katiba ya 2010 inasema kubagua wanawake katika mambo ya ardhi kukomeshwe. Vizuri. Lakini nenda ushago kwenu uulize shamba limeandikwa jina la nani. Kwetu bado limeandikwa jina la mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nyanya yangu amelilima tangu alipoolewa, anajua kila jiwe, anajua sehemu ipi inatuama maji mvua ya Aprili ikinyesha. Jina lake halimo popote. Na wajukuu tuko Kisumu tunabishana kwenye kikundi cha WhatsApp kuhusu nani atajenga wapi.

Onyango alifariki, na Mama Sarah akabaki Kogelo zaidi ya miaka arobaini. Hakuhama. Aliendelea kulima. Mwenyewe hakusoma, lakini zamani alimbeba Barack kwa baiskeli kumpeleka shule, na baadaye akawa na wakfu wa kusaidia yatima. Ulipofika uchaguzi wa Marekani wa 2008, waandishi wa habari wa dunia nzima walimiminika kwenye boma lile lenye makaburi ya mume na ya mwana. Siku chache baada ya kura kuhesabiwa, umeme ulifika kijijini. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kuuleta kwa ajili ya wakulima waliokuwa pale. Ulikuja kwa ajili ya jina. Hilo halimfanyi yeyote kuwa mbaya, lakini linaeleza jinsi shamba linavyohesabiwa mpaka lipate mtu mashuhuri.

Mama Sarah alifariki tarehe 29 Machi 2021 huko Kisumu, akiwa na miaka 99, akazikwa kesho yake Kogelo kwa taratibu za Kiislamu. Hakuwa na kitabu cha mfukoni cha serikali. Hakuna Mzungu aliyeandika kama anastahili shilingi 60 au la. Lakini bila yeye, tungejua tu kwamba palikuwa na mpishi mmoja mrefu, mwenye pua bapa, aliyekosa meno sita.

Kwa hiyo ukienda nyumbani Desemba, acha kuuliza babu alikuwa nani. Hilo utajibiwa kwa zile stori tatu nne. Uliza vitu vidogo vya shamba. Nani alipanda huu mwembe, na alikuwa na umri gani? Kabla ya mahindi hapa palikuwa na nini? Pesa ya ng'ombe wa kwanza ilitoka kazi gani, mji gani? Nani aliondoka, na kwa nini hatumtaji? Waulize wanawake kwanza, na uulize kwa lugha yao, hata kama yako imekatika katika. Rekodi kwa simu ukiruhusiwa. Halafu uliza hati iko wapi, na imeandikwa jina la nani, na kama kuna mtu aliye hai ambaye anafaa kuwa humo. Hilo la mwisho usingoje mazishi.